Kucha za Mpiga Gitaa Mkekani

  

Jambo la leo halizidi milimita mbili, lakini linawagombanisha walimu wawili juu ya mkono wa mtoto mmoja. Nazungumzia kucha. Siku hizi hapa kwetu nyanda za juu kusini si ajabu kumkuta kijana anapiga gitaa kwaya Jumapili, na katikati ya wiki yuko dojo anajifunza karate au judo. Mwalimu wa gitaa anamwambia aziache kucha za mkono wa kulia zikue ili sauti itoke kali. Sensei, yaani mwalimu wa dojo, anamwambia azikate zote, tena leo hii. Kijana mmoja wa Uyole alinifuata na swali hilo.

"Shikamoo mzee. Kati ya hawa wawili, mimi nimtii nani?"

"Marahaba mwanangu. Kwenye kucha mtii sensei. Gitaa tutalitafutia njia."

Nilimjibu nikiwa nimesimama, na safari yangu ilikuwa haingoji. Leo namjibu nimekaa, na wewe msikilizaji tusikilizane, maana najua hayuko peke yake.

Naanza na mkeka kwa sababu mkekani kuna mwili wa mtu mwingine. Ukikosea kwenye gitaa, waumini watakuvumilia mpaka ubeti unaofuata. Ukikosea mkekani, unaweza kumkwaruza mwenzako mboni ya jicho. Wala huo si ukali wa sensei mmoja. Kanuni za mashindano za Shirikisho la Karate Duniani zinataka mshindani awe na kucha fupi na asivae kitu cha chuma. Kanuni za judo zinataja hadi miguu: kucha za mikono na za miguu, zote zikatwe. Andrew Thomas Mlugu, mwanajudo aliyeiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alipanda mkekani chini ya kanuni ileile inayomhusu mtoto anayefunga mkanda mweupe kwa mara ya kwanza. Ukiona mwenzako anavyofagiwa mguu na kuondoka na mchirizi wa damu kwenye muundi, utaelewa kwa nini na kucha za miguu zimetajwa.

Tazama namna judo inavyoshikwa. Mkono mmoja unakamata kola, mwingine mkono wa sare, na vidole vinajikunja ndani ya kitambaa kizito kilichoshonwa kwa mshono mnene. Mwenzako anajinasua kwa nguvu, kwa ghafla. Kidole chenye ukucha mfupi kinachomoka kikiwa kizima. Kile chenye ukucha uliovuka nyama kinaacha ukucha umenasa kwenye uzi, unageukia nyuma na kubanduka kutoka kwenye nyama iliyo chini yake. Maumivu yake hayasahauliki, na mkono huo hautagusa gitaa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo anayezihifadhi kucha kwa ajili ya gitaa, halafu anakwenda nazo judo, anaziweka rehani bila kujua.

Kwenye karate kuna habari ya ngumi yenyewe. Ngumi ya kweli inakunjwa kuanzia ncha za vidole: viungo vya mwisho vinaingia mpaka vinakaza dhidi ya kiganja, halafu gumba linalala nje, juu ya kidole cha shahada na cha kati. Kucha zikiwa ndefu zinachoma kiganja kabla vidole havijafika mwisho wa safari, na ngumi inabaki na uwazi katikati. Ngumi yenye uwazi ikigonga kitu kigumu, kifundo cha mkono kinapinda. Tuzingatie kwamba gumba halimo ndani ya mkunjo huo. Nitalirudia baadaye.

Mtindo wa karate wa Goju-ryu ulifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa mkono wa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyeanzisha dojo katika Shule ya Sekondari Zanaki. Walimu wengi wa mtindo huo nchini wanautaja ukoo wao kutoka hapo. Goju-ryu ina zoezi moja ninalolipenda sana: kushika mitungi ya udongo. Mwanafunzi anaukamata mdomo wa mtungi kwa ncha za vidole vitano, mtungi mmoja kila mkono, anautembeza polepole huku akipumua kwa utaratibu. Nguvu zikiongezeka, unaongezwa mchanga. Sisi wa Mbeya hatuna haja ya kuagiza mitungi hiyo Japani. Wakisi wa Ikombe, kule pembezoni mwa Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu vinavyofika mpaka masoko yetu, na ningefurahi kuona dojo la hapa linawaungisha wale mama. Sasa mwambie mwenye kucha ndefu ashike mdomo wa chungu. Ukucha unagonga udongo kabla ya nyama, chungu kinateleza, na kama hakikuvunjika chungu, umevunjika ukucha.

Na hapa niseme jambo la pembeni kwa wapiga gitaa. Zoezi la kupiga ngumi kwenye ubao uliofungwa kamba, lile la kukomaza vifundo, fanyeni kwa kiasi. Kucha hukua tena. Kiungo cha kidole kikishaharibika, kinaweza kukusumbua maisha yako yote, na gitaa linahitaji viungo vilivyo laini.

Haya, tuje kwenye gitaa, na tuhesabu ni kucha ngapi hasa zinagombaniwa. Kwa anayetumia mkono wa kulia kudonoa nyuzi, mkono wa kushoto hauna ubishi wowote. Huo unabana nyuzi, na ukucha mrefu unakilaza kidole, uzi haubaniki sawasawa, sauti inakwaruza. Mwalimu wa gitaa na sensei wanakubaliana hapo kabisa. Vidole vitano tayari vimetoka kwenye ugomvi. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia katika mitindo mingi hakipigi kitu. Vimebaki vinne. Na ukiwa unapiga gitaa kavu kwa namna ya wazee wetu, hata hivyo vinne ni vingi.

Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya kule Katanga, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulizunguka dunia. Ukiusikiliza hujui kama ni mtu mmoja: chini kuna besi inatembea, juu kuna sauti inajibizana nayo. Kumbe ni gumba na kidole cha shahada. Viwili tu. Mtindo huo uliingia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa santuri na kwa redio, na mpaka leo ukikaa na mzee wa kijijini anayekung'uta gitaa kavu, mara nyingi utaona gumba na shahada ndivyo vinavyofanya kazi, vingine vimetulia juu ya ubao. Hata Franco wa Kinshasa, pamoja na ukubwa wa bendi yake na umeme wake wote, alijulikana kwa kudonoa kwa gumba na shahada.

Basi tumebaki na kucha mbili. Na ya gumba naiondoa sasa hivi, ingawa kwenye ngumi ya karate ingeweza kusamehewa, kwa kuwa inakaa nje ya mkunjo. Kwanza judo haiisamehi, maana gumba nalo linaingia kwenye kola. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, gumba linashughulika na nyuzi nene za juu, na besi inayotoka kwenye nyama ya gumba ni ya mviringo, nzito, inabeba wimbo. Besi ya ukucha ni nyembamba. Sijawahi kusikia besi ya kwaya iliyoharibika kwa kukosa ukucha wa gumba. Ugomvi wote wa walimu wawili, msikilizaji, umebaki juu ya ukucha mmoja wa kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Najua watakuja wasomi wa gitaa la Kihispania waniambie kwamba kwao vidole vitatu na gumba vyote vina kazi. Ni kweli. Lakini hata huko kwao hawakuwahi kukubaliana kuhusu kucha. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwapo Wahispania wawili, Fernando Sor na Dionisio Aguado. Sor alipiga kwa nyama ya vidole, Aguado kwa kucha, na walikuwa marafiki kiasi kwamba Sor alitunga kipande cha magitaa mawili akamtolea mwenzake, kikaitwa kwa jina la marafiki wawili. Francisco Tárrega, ambaye wapiga gitaa wa dunia nzima wanamheshimu, katika miaka yake ya mwisho aliachana na kucha akapiga kwa nyama. Mwanafunzi wake Emilio Pujol akaandika kitabu kuutetea uamuzi huo. Baadaye Andrés Segovia akaja na kucha zake, akajaza kumbi kubwa za dunia, na wengi wakamfuata. Kama Tárrega aliridhika na nyama, sioni kwa nini mpiga gitaa wa kwaya ya Kihesa aambiwe hatafika popote bila kucha.

Tena tusisahau tulikotoka. Kabla gitaa halijafika Iringa, Wahehe walikuwa na ligombo: ubao uliochongwa ukawa na shimo refu kama hori, uzi mmoja ukapitishwa huku na huku kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukazaa nyuzi kadhaa. Ni ndugu wa inanga ya Rwanda na Burundi na enanga ya Wahaya. Hugh Tracey huyohuyo alilirekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950. Mikono iliyolipiga ligombo ilikuwa ya watu wa jembe na shoka, na jembe haliruhusu kucha ndefu. Vivyo hivyo watoto wa vijijini wanaojitengenezea gitaa kwa galoni la mafuta na nyuzi zilizofumuliwa kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Ule waya haumwachii mtu ukucha. Hata galatoni, kama wazee walivyoyaita magitaa makavu ya Gallotone yaliyotoka Afrika Kusini, yalifungwa nyuzi za chuma.  Uzi wa chuma unakula ukucha kila siku unapougusa. Muziki wa nyanda hizi umepigwa tangu zamani na mikono inayofanya kazi nyingine mchana, na mkono wa karateka hauna tofauti na huo.

Mpiga solo wa bendi hatuna haja ya kumjadili, kwa sababu yeye ana piki, kile kipande cha kudonolea nyuzi. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyotamba miaka ya 1980 na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wakiimba, na mwanamuziki John Kitime naye alipita humo. Muziki wa namna ile ukiwa na piki unaupiga hata kama kucha zako zote umezikata mpaka mwisho.

Kuna vijana wanaofikiri wanaweza kwenda kwa zamu: kata leo kwa ajili ya dojo, Jumapili ziwe zimeota. Haiwezekani. Ukucha wa mkono hukua kama milimita tatu kwa mwezi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita kwa siku. Wiki nzima haikupi hata milimita moja. Ukikata milimita mbili, utazisubiri karibu wiki tatu, na dojo linakusubiri keshokutwa. Kwa hiyo chagua urefu mmoja, uulinde mwaka mzima, vidole vizoee.

Urefu wenyewe ni huu. Inua mkono wa kulia usawa wa macho, kiganja kikutazame, vidole vimenyooka. Ukucha wowote usichungulie nyuma ya nyama. Ule wa shahada nakuruhusu ufike usawa wa ncha ya nyama, usivuke hapo. Sasa ipitishe ncha ya kidole hicho juu ya ngozi laini ya ndani ya kifundo cha mkono mwingine, uikokote kidogo. Ikiacha mstari mweupe, bado.

Na msikate mlangoni pa dojo. Hili naliona sana na linaniumiza. Kijana anakumbushwa kucha, anaazima nailkata au wembe, anazikata chapuchapu na kuingia. Ukucha uliotoka kukatwa una kona kali, unachana ngozi ya mwenzako kuliko ule mrefu aliokuja nao. Kata jana yake baada ya kuoga, ukucha ukiwa umelainika na haupasuki. Ukikauka, usugue kwa msasa. Msasa wa fundi seremala ni mkali mno. Tafuta ule laini wa mafundi wanaopiga rangi magari, namba 1000 kwenda juu. Karatasi moja ukiikata vipande itawatosha wanafunzi wote wa dojo. Fuata mviringo wa kidole, sugua kuelekea upande mmoja, kona zote mbili zipotee.

Ukiwa na ukucha wa usawa ule, gitaa nalo lina namna ya kulisaidia. Uzi uguse nyama kwanza, halafu uuache ukiondokea kwenye ukingo wa ukucha, upande wa gumba. Geuza kifundo cha mkono kidogo mpaka uusikie ule mng'ao mdogo mwishoni mwa sauti. Ukitaka kali zaidi, sogeza mkono kuelekea pale nyuzi zinapofungwa chini ya gitaa, kwa kuwa uzi ukidonolewa karibu na mwisho wake hutoa sauti nyembamba na kali. Ukirudi kwenye tundu, sauti inajaa. Sentimita chache za kusogea zinakupa unachokitafuta kwenye kucha. Na usipige gitaa mara tu baada ya kufua. Nyama iliyolowa kwenye maji ya sabuni inatoa sauti butu, tena inaota lengelenge haraka.

Kufua kuna kesi nyingine. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi yetu ni kavu, upepo unakausha mikono, na kucha zinazolowa na kukauka mara nyingi kwa siku hupasuka tabaka tabaka. Paka mafuta usiku kuzunguka kucha, ya nazi, ya alizeti, au hata ya parachichi, kwa sababu Rungwe na Njombe parachichi tunazo. Ukucha mfupi uliotiwa mafuta hautakusumbua.

Binti zangu mnaocheza judo, nanyi nawaomba. Kucha za kubandika za saluni ziacheni kwa miezi ambayo hamwendi mazoezini. Zile ngumu hazipindi. Zikinasa kwenye kola zinang'oka pamoja na ukucha wako wa asili. Na wale mnaoziba ufa wa ukucha kwa supagluu, jueni kwamba gundi ile ikidondokea kwenye pamba au kitambaa cha pamba hupata moto kiasi cha kuunguza ngozi.

Ikitokea ukucha umebanduka, usiuvute. Osha kwa maji safi na sabuni, punguza sehemu inayoning'inia kwa mkasi safi, funga kwa kitambaa kisafi. Kidole kikianza kuvimba na kupwita usiku, huyo ni mdudu wa kidole, nenda zahanati. Tafadhali asikutoboe mtu kwa sindano ya kushonea. Ukucha mzima wa mkono unahitaji kama miezi sita kuota upya, na wa mguu unaweza kupita mwaka.

Walimu wa zamu mashuleni tayari wanakagua kucha gwaride la Jumatatu, na Waislamu wana mafundisho ya kutoziacha zipite siku 40, kwa hiyo nyumbani na shuleni sensei ana watetezi wengi. Anayebaki ni mwalimu wa kwaya. Wewe mwalimu, nakusihi usimwambie mtoto achague kati ya gitaa na dojo. Mpe mapambio yanayokaa kwenye gumba na shahada. Yale ya kasi, yanayotaka kucha, mpe piki ayapige nayo. Na gitaa la umeme lina kitasa cha sauti: kama mkono wa nyama unazidiwa na kinanda, kiongeze kidogo, au mwambie mpiga kinanda apunguze chake.